Tingatinga Alikufa Mwaka 1972

Juzi umeme ulikatika Ifakara saa tatu usiku. Bila umeme hakuna feni, na mwezi wa Februari bila feni hakuna kulala, kwa hiyo tukatoa mkeka nje: wapangaji watano, mbu wasiohesabika, na simu moja tu yenye chaji ya maana. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na Berserk, na kabla chaji haijafika nusu tulikuwa tumeshaanza kugombana.

"Huyu siye Guts," alisema mwenye simu. "Huyu ni mtu kavaa nguo za Guts."

Akaukuza uso kwa vidole viwili, akatuonyesha mmoja mmoja kama daktari anayeonyesha picha ya eksirei. Mistari misafi mno, alisema. Macho hayana uzito. Wahusika wanasema maneno machache, hadithi inakimbia kama basi lililochelewa kufika Mikumi. Zamani ungeweza kukaa juu ya ukurasa mmoja robo saa unatazama mawe ya ukuta. Sasa unapeleka kidole tu.

Kwa asiyejua, Berserk ni manga, yaani katuni ndefu ya Kijapani (haihusiani na Manga ya Waarabu wala pilipili manga). Kentaro Miura aliianza mwaka 1989 akaichora kwa miaka 32. Ni hadithi ya askari wa kukodiwa, Guts, mwenye upanga mkubwa kuliko mwili wake, anayemwinda rafiki yake wa zamani, Griffith, ambaye aliwatoa kafara wenzao wote ili apande na kuwa kiumbe mfano wa mungu. Tarehe 6 Mei 2021 Miura alifariki kwa kuchanika mshipa mkuu wa damu. Alikuwa na miaka 54. Sehemu ya 364, ambayo wasaidizi wake waliimalizia, ilitoka Septemba mwaka huo, na ikatuacha pabaya: mtoto wa mbalamwezi anabadilika, na anayesimama mbele yetu ni Griffith. Hapo ikakatika. Juni 2022 jarida la Young Animal likatangaza kuwa kazi inaendelea. Wachoraji ni Studio Gaga, wasaidizi wale wale wa Miura. Msimamizi ni Kouji Mori, mchora manga na rafiki yake tangu sekondari, ambaye alieleza kwamba karibu miaka 30 nyuma Miura alimsimulia hadithi yote hadi mwisho wake.

Mashabiki wamegawanyika tangu siku hiyo, na mkeka wetu nao uligawanyika. Upande mmoja ulisema Berserk ilipaswa kuzikwa na mwenyewe, na kinachochapishwa sasa ni bidhaa feki yenye nembo ya marehemu. Upande wa pili ulisema tumesubiri miaka na miaka, tunataka mwisho, atakayeuleta na aulete. Mimi nikasema wote wamekosea, tena sisi Watanzania hatuna udhuru wa kukosea jambo hili, kwa sababu Tingatinga alikufa mwaka 1972.

Mwenye simu akacheka. "Dada, Tingatinga na Berserk wapi na wapi?"

Usiku ule sikumjibu vizuri, mbu walinizidi. Namjibu sasa.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru. Alipita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akafika Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani kwa Wazungu na baadaye kazi hospitalini. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora. Alitumia ubao wa dari uliokatwa mraba na rangi ya mafuta, ile ile ya kupakia baiskeli. Alichora mnyama mmoja, au ndege mmoja, juu ya rangi moja iliyotulia: chui anayekutazama, mkia umepinda kufuata ukingo wa ubao. Mwaka 1972 polisi waliokuwa wakifukuza wahalifu jijini waliipiga risasi gari aliyokuwamo, wakamuua. Kazi yake yote ya uchoraji ni ya miaka minne hivi. Miura alipata 32.

Fikiria hali ilivyokuwa siku ya mazishi. Kulikuwa na kikundi cha vijana, wengi wao ndugu na jamaa kutoka kusini, aliowafundisha kwa kuwakalisha pembeni yake: Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah. Mwalimu amekufa bila kuacha maandishi yoyote ya namna kazi iendelee. Kama rafiki yangu wa mkekani angekuwapo, angewaambia wakunje vibao vyao warudi Tunduru, maana mkono uliochora chui wa kweli umezikwa na chochote watakachochora ni nakala.

Hawakurudi. Waliendelea kukaa palepale Oysterbay, karibu na Morogoro Stores, wakachora na kufundisha wengine. Mwaka 1990 walikuwa na chama chao cha ushirika, ambacho kipo hadi leo. Na hawakubaki kunakili. Yule mnyama mmoja aliyetulia akapata wenzake. Ubao ukajaa kijiji kizima, soko, hospitali yenye foleni ya wagonjwa, mganga, harusi, mlevi anayeburutwa na mkewe. Mohamed Charinda alichora hadithi za mashetani na historia ya nchi, mambo ambayo Tingatinga mwenyewe katika miaka yake minne hakuyafikia. Ukiweka picha ya mwaka 1970 kando ya picha ya leo iliyosheheni twiga na ndege wa kila rangi, utaona kitu kimekua, mahali pengine vizuri, mahali pengine kwa kubanwa na soko la watalii hadi kikawa kama kitambaa cha pazia. Lakini kimekua. Wangesimama mwaka 1972, leo Tingatinga angekuwa jina ndani ya orodha ya mtafiti mmoja, na wewe na mimi tusingelijua.

Basi huo ndio ubishi wangu na upande wa kwanza, na wanisikie vizuri. Mnasema mkono wa Miura. Mkono upi? Studio za manga zina wasaidizi. Ndio wanaochora kuta, umati, misitu, mikunjo ya mavazi ya askari mia waliosimama nyuma. Yale mawe ya ukuta mliyoyatazama robo saa mkilisifu jina la Miura, mna hakika aliyachora nani? Hata hiyo sehemu ya 364 mnayoilia kama ya mwisho "ya kweli" imemaliziwa na Studio Gaga, na nimewaona watu wakigombea ni ukurasa gani marehemu aliwekea kalamu chini. Kila mmoja anataja ukurasa wake. Hawajui, na hawawezi kujua, kwa sababu tangu zamani mikono ilikuwa mingi, ila jina lilikuwa moja.

Sasa upande wa pili msishangilie. Ninyi mnaodai mwisho kama mtu anayedai chenji, hakuna anayedaiwa mwisho. Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin, alisema wazi kwamba baada yake Tintin asiendelezwe. Alikufa mwaka 1983 akiwa na kitabu mkononi, na kitabu hicho kikachapishwa mwaka 1986 kama kilivyokuwa: michoro ya penseli, nusu hadithi, shujaa kaachwa kwenye hatari. Inauma, na ni sahihi. Mwenye mali alisema hapana. Miura hakuacha hadharani neno kama hilo. Kilichopo ni ushahidi wa rafiki mmoja. Na hapa nakubali kabisa kwamba mashaka yana haki yake. Shahidi mmoja, mazungumzo ya karibu miaka 30 nyuma, kumbukumbu ya binadamu. Mori mwenyewe alilijua hilo. Alisema ataandika yale tu aliyosimuliwa na Miura, hataongeza nyama, asichokikumbuka sawasawa atakiacha, na kwamba haitakuwa kamili. Ndiyo maana maneno ni machache, ndiyo maana hadithi inakimbia! Mnamlaumu mtu kwa kutimiza kile alichoahidi. Angetia nyama mngesema anabuni.

Kuna mtu wa tatu pale mkekani alileta hoja ambayo huwa inanichefua kuliko zote, kwa kuwa inavaa nguo za hekima. Akasema haya mambo ya mwandishi na mkono wake ni ya Wazungu na Wajapani. Sisi Waafrika hadithi ni ya wote, bibi anasimulia, mjukuu anaendeleza, hakuna anayeuliza ya nani. Nilimwuliza kama amewahi kumsikiliza bibi. Mimi nimerekodi wazee kadhaa wa bonde hili, Wandamba na Wapogoro, na karibu kila mmoja huanza kwa kutaja alikoipata: hii alinipa mjomba wangu tulipokuwa tunalinda ndege mpungani, hii niliisikia kwa mama mmoja wa Mahenge, yeye alikuwa akiimalizia vingine. Wanajua sana ya nani. Wasichokuwa nacho ni hati. Hoja hii ya "ni ya wote" ndiyo iliyowafanya watalii na wafanyabiashara waone picha 100 za wachoraji 100 na kuziita zote Tingatinga, bila kusogeza jicho kwenye kona ya chini ambako mtu ameandika jina lake kwa brashi nyembamba.

Kwa sababu hapo ndipo kosa letu lilipo, na hapo ndipo nataka mashaka ya mashabiki yahamie. Tingatinga aliendelezwa vizuri, lakini walioendeleza walizamishwa ndani ya jina lake. Nenda Slipway, nenda Mwenge, nenda Mji Mkongwe Zanzibar. Muulize aliyenunua, picha ya nani? Tingatinga. Tingatinga yupi, ndugu yangu, alikufa mwaka 1972! Jina la mtu limekuwa jina la aina ya bidhaa, kama kiberiti. Mwaka 2010 lilifika hadi kwenye televisheni ya watoto ya Uingereza, katika katuni iliyotengenezwa Nairobi, Tinga Tinga Tales. Watoto wa Ulaya wakajua Tingatinga ni tembo anayezungumza. Na upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo ni wale wanaoghushi saini ya E. S. Tingatinga juu ya vibao vipya vilivyozeeshwa, kwa sababu vya kwake mwenyewe ni vichache na bei yake ni ya mbali sana na bei ya mchoraji aliye hai. Ukitazama utaona ni ugonjwa mmoja. Jina la marehemu lina thamani, mkono wa aliye hai hauna; basi aliye hai ama ameze jina la marehemu, ama amezwe nalo.

Haikuwa lazima iwe hivyo, na mfano uko kwenye mkoa wetu huu huu. Salum Abdallah aliyeanzisha Cuban Marimba pale Morogoro alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Bendi ilikuwa yeye: sauti yake, tungo zake. Aliyeshika usukani ni Juma Kilaza. Nadhani watu walikuwa na mashaka, nani asingekuwa nayo, tena wakati Morogoro Jazz wako mtaa wa pili wanapiga gitaa. Lakini sauti haifichiki. Ukifungua redio usiku kwenye kipindi cha zilipendwa, Kilaza anapoanza kuimba unajua ni Kilaza, na Salum Abdallah akiimba unajua ni Salum Abdallah. Bendi moja, jina moja la bendi, watu wawili, na hakuna aliyemfuta mwenzake. Wapo wanaompenda huyu na kumchoka yule. Wana haki, wanajua wanachokipenda ni cha nani.

Mchoro hauna bahati ya sauti. Mchoro unanyamaza. Ndiyo maana jina linapaswa kuandikwa.

Nije sasa kwenye jambo lililonifanya niandike haya, maana kama lingekuwa la Wajapani tu ningeliacha mkekani. Utafiti wangu wa shahada ya pili unahusu lugha ya mabango. Nimekaa Ifakara miezi kadhaa napiga picha vibao vya maduka, vinyozi, mashine za kukoboa mpunga, mama lishe, makanisa na misikiti, kuanzia stesheni ya TAZARA hadi sokoni na kuendelea njia ya kuelekea darajani. Vibao vingi vya zamani, vile vya brashi kabla ya mabango ya kuprinti hayajafika, vina saini moja kwenye kona. Mwenye saini alikufa kabla sijafika. Kazi anaifanya aliyekuwa mwanafunzi wake kwa miaka tisa, kijana wa rika langu. Mtaani wanamwita "kijana wa marehemu".

Siku moja tulikuwa tunapitia picha kwenye simu yangu. Nilikuwa namuuliza juu ya herufi, kwa nini R ya marehemu ina mguu mrefu hivi na mahali pengine mfupi. Akajibu bila hata kunitazama: "Mguu mrefu ni mimi." Marehemu alikuwa na sukari, na miaka mitatu ya mwisho mikono ilikuwa inatetemeka. Alikuwa anakuja na kiti chake, anakaa chini ya mwembe, anasema rangi gani iende wapi, halafu mwishoni anapanda taratibu kuweka saini. Saini tu ndiyo aliyoiweza. Vile vibao ambavyo watu wa Ifakara wanavionyesha kwa kidole wakisema, hawa ndio mafundi, siku hizi hakuna, vingi vina R ya mguu mrefu.

Wiki chache baadaye alipata kazi kwenye duka la pembejeo. Ukuta mzima: gunia la mbolea, jembe, shina la mpunga lililoinama kwa uzito. Nilienda naye, nikamshikia ngazi. Alipomaliza, aliandika kwenye kona herufi mbili za jina lake, ndogo, ungehitaji kusogea ili uzisome. Mwenye duka alisogea.

"Hii nini?"

"Saini, mzee."

"Mimi nilitaka kazi ya marehemu."

"Marehemu hayupo, mzee wangu. Kazi ni hii, umeiona."

"Basi weka jina lake. Watu wanalijua."

Fedha iliyobaki ilikuwa nusu ya malipo, na rangi alikuwa ameikopa. Alisimama pale na brashi, tina ikimtiririka kiganjani. Akafuta. Akapaka njano juu, akangoja ikauke, akaandika saini ya mwalimu wake, kwa ustadi, kwa sababu hata hiyo alikuwa ameshaizoea. Mzee hakuwa mtu mbaya, alitununulia soda. Mimi nilikuwa nimeshika ngazi, mtafiti wa mabango, msomi, na sikusema neno.

Na kuna zaidi. Jioni ile nilifungua rasimu ya tasnifu yangu. Nina jedwali la vibao, lenye safu ya maandishi, safu ya mahali, safu ya mchoraji. Kwenye safu ya mchoraji, kila palipokuwa na saini ile, nilikuwa nimeandika jina la marehemu. Nilishaambiwa habari ya mguu wa R kitambo na sikuwa nimebadili kitu. Ilikuwa rahisi zaidi kuacha, maana saini ni ushahidi na maelezo ya kijana ni maneno tu. Ndivyo watu wanavyozamishwa. Hakuna haja ya mwizi wala ya mghushi. Anatosha mtu mwenye jedwali anayetaka kumaliza kazi yake kabla ya tarehe. Nimerudi sasa kibao kwa kibao, nimekaa na kijana, tumetenganisha. Msimamizi wangu ameuliza kwa nini safu hiyo imekuwa ndefu.

Kwa hiyo nikitazama jalada la Berserk tangu kitabu cha 42, kile cha mwaka 2023 ambacho ndicho cha kwanza kutoka bila Miura ndani yake, naona kitu ambacho wachoraji wetu hawakupewa. Jina la Miura lipo, kama mwenye kazi. Studio Gaga wametajwa, na Mori ametajwa kama msimamizi. Wamesema nani kafanya nini. Huwezi kuita feki kitu kilichokuandikia mbele kwamba mchoraji ni mwingine. Unaweza kusema hukipendi, hilo ni lako, na mimi mwenyewe kurasa nyingine zinanipita bila kuniacha na kitu. Kimya kile cha Miura cha kurasa nne bila neno hakijarudi. Lakini kutopenda na kushtaki ni vitu viwili, na ninyi mnashtaki.

Mkitaka kushtaki, shtakini hili: Studio Gaga ni nani? Ni watu wangapi, nani anachora nyuso, nani anachora farasi? Kwenye jalada wamekuwa jina la kikundi, kama "watu wa Tingatinga". Mashabiki wanaoweza kukuambia idadi ya meno ya kila jini wa Berserk, wangapi wanaweza kumtaja kwa jina msaidizi mmoja aliyechora naye tangu enzi za uhai wake? Crayon Shin-chan nayo iliendelezwa na wasaidizi wa Yoshito Usui alipokufa mwaka 2009, na swali ni lile lile. Mashaka yenu yote mmeyapeleka kwa marehemu, ambaye jina lake haliko hatarini hata kidogo.

Na kabla hamjajibu, simu ile. Kesho yake umeme uliporudi nilimwomba rafiki yangu anifungulie ukurasa wa kwanza wa sehemu waliyokuwa wakiigombania, nione majina. Haukuwapo. Tunasoma nakala za bure zilizoskaniwa na kutafsiriwa na watu tusiowajua, kwa sababu Ifakara hakuna duka linalouza kitabu kile, na hata kingekuwapo bei yake ingeshindana na debe la mchele. Simlaumu, mimi pia ndivyo nilivyosoma vyote. Lakini aliyeskani ameukata ukurasa wa majina, na mahali pake kaweka tangazo la kubeti. Usiku mzima tulikuwa tunabishana juu ya uhalisi wa kazi ndani ya nakala iliyonyofolewa jina la kila aliyeifanya, wa kale na wa sasa, Miura akiwamo.

Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, akasema atatafuta. Jioni akanitumia picha ya jalada halisi, kaitoa sijui wapi, imeonekana vizuri: Kentaro Miura, Studio Gaga, Kouji Mori. Chini yake kaandika, "Nimewaona. Bado siye Guts."